Aliyekimbilia King'ora

King'ora cha Andendekisye kililia tena siku ya Alhamisi, saa nane mchana, jua likiwaka, siku tatu tangu mlinzi wake azikwe kwao Idodi. Na katika soko zima la Mwanjelwa, pamoja na wingi wote ule wa watu, hakuna aliyegeuza shingo.

Inspekta Magesa alikuwa amesimama kwenye meza ya mama muuza ndizi, mkono mfukoni, akitafuta sarafu. Mlio ulianza chini, ukapanda, ukakaa kule juu pasipo kushuka. Mama muuza ndizi aliendelea kufunga kichane chake kwa kamba ya mgomba kama kwamba ni mbuzi amelia. Alipoona askari anamtazama ndipo aliposema, kwa sauti ya kanisani, kwamba huyo ni mzee Kalinga, anamwita tajiri wake, na kwamba si vizuri kumsikiliza sana.

Haya basi. Mji mzima ulikuwa umeshaamua hivyo. King'ora hicho Andendekisye alikinunua Iringa kwa mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao, na tangu siku ya kwanza watu walinong'ona kwamba shamba la tumbaku la huyo Mgiriki lilikuwa na makaburi yasiyo na majina. Sasa king'ora kimeongeza kaburi la kwake. Mzee Kalinga, mlinzi wa ghala la vipuri vya malori, alikutwa alfajiri ya Alhamisi iliyopita chini ya ukuta, kichwa kimevimba, paja limechanika, anakata roho. Aliyekutwa amempakata ni kijana mgeni aitwaye Seni, Msukuma kutoka bonde la Usangu, shati limelowa damu, fimbo pembeni yake. Andendekisye alipiga kelele za mwizi, watu wakatoka, wakampiga kijana hadi wakamtoa meno mawili. Hapo ndipo walipotoka.

Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka kesho yake Ijumaa, saa tatu asubuhi. Kosa lenyewe lilikuwa la kuua, na kwa kosa hilo sheria haina maneno mengi, ni kitanzi tu. Mkuu wa kituo alishamwambia Magesa kwamba kesi hii imejimaliza yenyewe: mfu yupo, damu ipo, fimbo ipo, matairi mawili mapya yameibwa, kufuli limevunjwa. Kilichobaki ni Seni, ambaye mpaka hapo mdomo uliovimba haujamruhusu kutoa neno, awataje wenzake waliokimbia na hayo matairi. Magesa alipoteza siku mbili nzima Mbalizi akiwafukuzia wauza matairi, akarudi na vumbi tu kwenye viatu.

Tena niseme mapema, nisije nikaonekana namficha mtu: alfajiri ile, katika kile kituo kidogo cha polisi kilicho hatua mia nne kutoka ghalani, aliyekuwa zamu ni Magesa mwenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa hapendi kelele yoyote ndefu. Birika likichemka nyumbani alilitoa jikoni kabla halijapiga mbinja, na mkewe alikuwa ameacha kumuuliza kwa nini.

Basi king'ora kikawa kinalia, na Magesa akawatazama watu, maana ndiyo kazi yake. Fundi viatu anagonga. Wauza dagaa wanabishana. Askari mgambo wawili kwenye kivuli cha kibanda wanacheza bao, na mmoja anacheka. Halafu akamwona mtu mmoja anakimbia.

Alikuwa mzee. Amejifunga shuka begani, amevaa makatambuga, yale makubazi ya matairi, fimbo ndefu mkononi, anapasua katikati ya meza za nyanya kufa kupona, na watu wanamsonya. Magesa aliacha ndizi zake mezani akamfuata. Mzee alifika kwenye geti la ghala, akalipiga kwa fimbo, akazunguka ukuta, akarudi, kifua kinapanda na kushuka.

"Nani ameumia?" mzee akamuuliza Magesa. "Yuko wapi?"

Alikuwa Budeba, baba yake Seni. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo tangu Jumanne, hajasema neno kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Magesa alimwambia kwamba hakuna aliyeumia, ni mlango tu umetikiswa na upepo. Mzee hakuelewa. Magesa akaacha Kiswahili, akamwambia kwa Kisukuma, na hapo Budeba ndipo alipomtazama vizuri usoni na kumuuliza ni mtoto wa wapi. Wa Magu, alijibu Magesa. Mzee akashusha fimbo.

"Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, "mwano unalia mchana, watu wanakula ndizi. Hapa pana watu kweli?"

Anayetoka Usukumani haelezwi mwano. Ni yowe la hatari. Ukisikika, mwanamume anaacha ugali mdomoni, anachukua fimbo, anakimbilia ulikotokea. Hakuna kuuliza ni wa nani. Asiyekwenda anatozwa ng'ombe na kutengwa, hata moto haombi kwa jirani. Na anayeupiga bure, kwa mzaha au kwa uzembe, hutozwa zaidi ya huyo, kwa kuwa amewafundisha watu kulala. Magesa alikuwa na miaka tisa alipoona dume jeusi la baba yake likiswagwa kutoka zizini mchana kweupe, kwa sababu baba alikuwa amelewa na hakuamka.

Alisimama pale getini king'ora kikimpigia kichwani, na kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo lingekuwa la kwanza kabisa kwenye jalada. Si nani aliyekifanya kilie, bali nani aliyekwenda kiliposikika. Mji mzima uliamini kwamba anayekutwa kwenye king'ora ndiye aliyekiamsha, kwa kuwa mji mzima ulishasahau kwamba kuna watu wanaokimbilia.

Andendekisye alifika baada ya dakika ishirini na tano, anatembea, funguo zinaning'inia kidoleni. Mnyakyusa wa makamo, shati la khaki la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Alifungua ofisi, akazima swichi, ukimya ukashuka. Aliomba radhi. Alisema ni upepo huu wa Julai, mlango unakauka, swichi ya mlangoni inaachia, na fundi atakuja wiki ijayo.

Magesa alimkumbusha kwamba aliyasema hayo hayo mwezi wa tano. Kituo kilimwandikia barua, akaisaini: akaze bawaba, ajaribu king'ora kila wiki mwenyewe akiwapo, amfundishe mlinzi kukizima, aache ufunguo wa pili kwa jirani wa karibu, na kikilia afike ndani ya robo saa. Juzi yake, Jumanne, Magesa alikuwa amepanda basi hadi Iringa kumwona Saulo, fundi aliyekifunga, na Saulo akasema alimwambia yote hayo kwa mdomo wake, akamwachia hata skrubu za bawaba kwenye kopo la kahawa. Kopo lilikuwa pale juu ya kabati la ofisi, vumbi juu yake.

"Afande, mimi nilinunua king'ora ili nilale," alisema Andendekisye. "Kama nitakuwa naamka mimi, kina faida gani?"

"Alikuwa anaamka nani?"

"Mlinzi. Ndiyo kazi yake."

"Na swichi iko ndani ya ofisi, na ufunguo unalala kwako. Alikuwa anakizimaje?"

Andendekisye alijibu kwamba hakuwa anakizima, kilikuwa kinalia tu mpaka yeye afike. Alijibu haraka, halafu akaanza kuzipanga kalamu zake mfukoni. Magesa hakumkatiza. Alipiga hesabu kimya kimya: mtu huyu anatembea dakika ishirini na tano, na alfajiri ile king'ora kiliacha kulia muda mrefu kabla hajafika. Nani basi alikinyamazisha?

Alimrudisha Budeba kwenye benchi la kituo, akaingia mtaa wa nyuma, nyumba moja hadi nyingine. Nyumba ya nne ilikuwa ya Tusekile, mjane, mpika pombe ya ulezi. Uani kulikuwa na kitanda cha kamba cha akiba, na ukutani shuka la mistari myekundu kama lile la Budeba, limefuliwa, linaning'inia, upindo mmoja umechanwa moja kwa moja.

Magesa hakulinyooshea kidole. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa. Ripoti ya daktari ilikuwa na mstari mmoja uliomkera tangu Jumatatu, kwamba paja la marehemu lilikutwa limefungwa kipande cha nguo chenye mistari myekundu. Mkuu wa kituo alisema muuaji alitaka kumburuta. Lakini mtu wa kuburutwa hafungwi juu ya jeraha, tena kwa mafundo mawili.

"Mama, mgeni wako alilala hapa Jumatano ile," alisema. "Wala sijaja kwa habari ya pombe."

Tusekile alikana mara moja tu, halafu akakaa chini. Kumbe alichokuwa anakiogopa si polisi, ni balozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala kwako sharti balozi ajulishwe kabla jua halijazama, na yeye hakumjulisha. Kijana alifika jioni akitokea mnadani Mbalizi, mchovu, mstaarabu, akaomba pa kulala, na balozi mwenyewe alikuwa amesafiri. Asubuhi mgeni amekuwa muuaji, yeye akaliokota shuka lake chini ya ukuta akalifua damu kabla halijaonwa. Angesema nini, naye ana watoto wanne?

Magesa alimwomba asimulie kuanzia aliposhtuka usingizini.

"Kile chuma kilianza kulia," alisema Tusekile. "Mimi najigeuza tu, tumezoea. Yeye akakurupuka. Akaniita, mama, kuna nini, nani anakufa? Nikamwambia lala mwanangu, hicho kinalia hovyo, kina mashetani ya Mgiriki. Akasema, mama, kinalia. Akajitupia shuka, akachukua fimbo akatoka. Nikafunga mlango kwa ndani."

"Kikaendelea kulia?"

"Kidogo tu. Kikakata. Ikawa kimya, ukungu mzito, huoni hata mti. Halafu, afande, ndipo kikarudi."

"Kikarudi vipi?"

Tusekile alijikumbatia mabega. Alisema kililia tena, lakini si kama chuma. Kililia kama mtu. Sauti ndefu, inapanda, inakatika, inapanda, hakuwahi kusikia kitu kama hicho tangu azaliwe Rungwe. Watoto wakaingia chini ya kitanda. Yeye akajifunika gubigubi akasali. Kililia muda mrefu sana, mpaka sauti ikawa kama ya mtu mwenye koo bovu, na mtaa mzima ukakaa kimya kuisikiliza, kila nyumba na hofu yake. Ndipo watu walipojua kwamba king'ora kina mzimu.

Magesa aliweka kikombe chini. Alimwomba aiige ile sauti. Tusekile alikataa, akasema haigwi. Magesa akaweka viganja mdomoni akaipiga yeye, kwa chini tu, mwanzo wake tu, vile alivyofundishwa akichunga ndama.

Mama yule alianza kulia. Alisema ndiyo, ni hiyo hiyo, na akauliza yeye aliijulia wapi.

Magesa alimwambia kwamba haukuwa mzimu. Alikuwa mgeni wake, anawaita.

Alirudi ghalani anatembea haraka. Sasa alijua kwamba Seni alikwenda baada ya king'ora kuanza, na kwamba alipofika Kalinga alikuwa tayari chini. Lakini maneno ya mpika pombe mmoja yangedumu dakika mbili mbele ya wakili. Alihitaji kujua kilichomwangusha mzee.

Ghalani hapakuwa na ngazi, akaazima kwa mafundi seremala, akapanda juu ya paa mwenyewe, kwa soli za viatu vya polisi, bati linalia chini yake. King'ora kilikuwa karibu na ukingo wa nyuma, kikubwa kama sufuria ya harusi. Ndani ya mdomo wake, kwenye meno ya feni, kulikuwa na nyuzi za gunia la katani, nyingi, nyingine kuukuu zimeshika kutu, nyingine bado nyeupe. Hilo gunia lilikuwa limeingia humo kukiziba, na kutoka, mara nyingi. Hatua mbili kutoka hapo, bati moja lilikuwa limeinuka ukingo, na ukingo wenyewe ulikuwa na doa jeusi lililokauka. Magesa alilala kifudifudi, akanyoosha mkono ndani ya mfereji wa maji.

Orodha ya vitu vya marehemu hospitalini ilisema: koti moja, tochi moja isiyo na betri, katambuga moja, la kulia. Kila mtu alidhani la kushoto lilipotea kwenye vurugu. Magesa alilitoa mferejini limejaa majani ya mkaratusi, kamba yake imekatika.

Alikaa nalo juu ya paa muda fulani. Kutoka hapo aliona soko lote, na mbele yake, wazi kabisa, dirisha la chumba cha zamu.

Andendekisye alikuwa nyumbani kwake, upande wa pili wa mji, anakunywa chai. Magesa alifika na askari wawili, akaomba ruhusa ya kuzunguka nyuma, kwenye migomba. Hawakutafuta sana. Ngazi ya ghala ilikuwa imelazwa chini ya majani makavu, na juu yake matairi mawili mapya, karatasi za kiwandani bado zimebandikwa. Magesa aliliweka lile katambuga mezani, kando ya kikombe.

Tajiri alilitazama. Halafu maneno yakamtoka yenyewe, mengi, hayana mpangilio. Ni yeye aliyemwagiza Kalinga apande na gunia, tangu mwezi wa tano, kila kikilia. Majirani walikuwa wanalalamika, na yeye kuamka kila alfajiri hakuwezi. Mzee mwenyewe alimwambia mara mbili kwamba bati limeinuka na macho yake hayaoni kwenye ukungu. Alikuwa anataka kulipigilia. Wallahi alikuwa anataka. Asubuhi ile alipofika akaona ngazi, gunia juu, mzee chini, akajua amekwisha. Kijana mgeni alikuwa pale pale na damu. Basi watu walipomkokota kijana kituoni na wengine kumbeba mzee kwenye mkokoteni, yeye alibaki na ukungu, akatoa gunia, akavunja kufuli lake mwenyewe kwa nyundo.

"Seni alikuambia nini ulipofika?" aliuliza Magesa.

"Alikuwa hana sauti. Alinishika shati. Alikuwa ananionyesha paja la mzee."

"Na wewe ukapiga kelele."

"Ndiyo."

"Ukisema nini?"

Andendekisye alisogeza kikombe kando. Chai yake ilikuwa imeota utando. Askari mmoja alimshika mkono akainuka.

Saa kumi na mbili jioni Magesa alikuwa kwenye meza yake na jalada wazi. Aliandika maelezo ya Tusekile, ya Saulo, ya tajiri. Aliandika habari ya nyuzi, ya bati, ya katambuga. Aliongeza alichosema daktari alipomwendea mara ya pili, kwamba uvimbe wa kichwa ulikuwa wa kuanguka tu, haukumuua. Kilichomuua ni damu ya paja, iliyotoka polepole kwa zaidi ya saa moja na nusu, na ile nguo ya shuka, ingawa imefungwa na mtu asiyejua, ndiyo iliyomchelewesha kufa. Angepata gari ndani ya nusu saa, alisema daktari, leo angekuwa wodini analalamikia uji.

Maelezo yalikuwa yanatosha. Karibu yanatosha. Mwendesha mashtaka angeuliza: mpika pombe alisikia sauti ya mtu, sawa, lakini king'ora hiki kimelia mara ishirini na tatu, ana hakika gani ni alfajiri ile? Nani mwingine aliyeisikia, mtu wa kuaminika, mwenye saa?

Kitabu cha matukio kilikuwa rafuni nyuma yake. Wiki nzima kilikuwa hapo. Hakuna aliyekiomba, kwa kuwa mpelelezi wa kesi ndiye angekiomba, na mpelelezi wa kesi alikuwa Magesa. Angeweza kuliacha jalada kama lilivyo na kuombea bahati ya kijana. Aliliwaza hilo, na si kwa sekunde moja tu, kwa muda wa kutosha kuvuta sigara mbili. Kisha akasimama akakishusha kitabu.

Alimwita Budeba aingie, akaagiza Seni atolewe mahabusu. Kijana aliingia anachechemea, jicho moja limefumba, sikio moja limevimba kwa kipigo, akainama mbele ya baba yake, na mzee akamwekea mkono kichwani. Magesa aliwapa viti. Aliwaeleza kwa Kisukuma kwamba kesho asubuhi atakwenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka, kwamba kosa la kuua litafutwa, na kwamba mwenye king'ora yuko ndani. Alimwambia Seni kwamba alifanya kama inavyotakiwa.

Seni alizungumza kwa shida, kwa yale meno yaliyobaki. "Nilipiga mwano mpaka koo likakauka," alisema. "Mzee alikuwa ananishika mkono, ananiuliza kama wanakuja. Nikamwambia wanakuja. Milango niliiona, baba. Milango mingi. Nikadhani labda mji huu umehamwa."

Budeba aliuliza ni nyumba ngapi zilizo karibu kiasi cha kusikia. Magesa alisema thelathini na kitu. Mzee akauliza kama zote zilikuwa na watu, na Magesa akasema zote.

"Na macho? Hakuna hata mmoja aliyekuwa macho, ng'wanawane? Hata mmoja?"

Magesa alikigeuza kitabu juu ya meza, akakisogeza mbele ya mzee, kidole kwenye mstari. Ndivyo alivyokuwa amepanga kufanya, amwonyeshe tu. Budeba aliutazama ukurasa, akautazama uso wa Magesa, akangoja. Hakujua kusoma.

Basi ilibidi ausome. Aliusoma kwa sauti, anatafsiri neno kwa neno, tarehe, saa, mwandiko wake mwenyewe mzuri wa shule ya misheni.

"Saa kumi na dakika hamsini alfajiri. King'ora cha ghala la Andendekisye kinalia. Kama kawaida. Hakuna aliyetumwa. Saa kumi na moja na dakika tano. Kimenyamaza. Saa kumi na moja na robo. Sauti ya mtu inaita, upande wa ghala. Mlevi. Hakuna aliyetumwa. Zamu, Inspekta Magesa."

Nje upepo ulikuwa unasukuma dirisha. Seni alikuwa ameinua lile jicho moja lililo wazi. Budeba alikaa na mikono yake miwili juu ya fimbo, hasira haikuonekana usoni mwake, na Magesa aliitamani sana hiyo hasira.

"Uliujua?" aliuliza hatimaye mzee. "Ulipousikia, uliujua ni mwano?"

"Niliujua," alisema Magesa. "Nikaandika mlevi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa idadi ya ng'ombe waliopotea. Alimsaidia mwanawe kusogeza kiti karibu na meza, upande wa sikio lake lisiloumizwa.

"Soma tena," alisema. "Yeye hakusikia vizuri."

Magesa akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza upya.